Maji mafu ya blogu: Mzazi afanye nini hamu ya kuandika inapopungua

Blogu nyingi za wazazi hazifungwi, hunyamaza tu. Bandiko la kwanza huandikwa kwa furaha, la pili siku tatu baadaye, la tano baada ya mwezi mzima. Kisha ukurasa hubaki na salamu za Mwaka Mpya wa miaka miwili iliyopita. Mwenye blogu akiulizwa hujibu kwamba muda hakuna, bando limekuwa ghali, au watu siku hizi hawasomi. Jibu hilo la mwisho ndilo linalouma kuliko yote, kwa sababu mtu aliyejinyima usingizi ili aandike, halafu akaona wasomaji sita tu, huanza kujiuliza kama alichoandika kina maana yoyote.

Wilayani Kibiti na kwenye delta ya Rufiji swali hilo lina uzito wake. Mji wa Kibiti uko kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi, na mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini vijiji vilivyo ndani ya delta hufikiwa kwa boti au mtumbwi, na safari hupangwa kwa kuangalia maji yanajaa lini na yanapwa lini. Delta hiyo ina msitu wa mikoko wenye ukubwa wa takriban hekta 53,000, mmoja wa misitu mikubwa ya aina yake katika Afrika Mashariki yote. Msitu huo ni riziki ya wavuvi wa kamba na samaki. Vilevile ni umbali uliopo kati ya mama mwenye mtoto anayechemka homa usiku na mahali pa kupata huduma.

Mwalimu, muuguzi au mama wa nyumbani anayeandika kutoka huko kuhusu malezi, lishe na afya ya watoto hachezi. Anaandika kwa Kiswahili cha majirani zake, kuhusu mambo ambayo kurasa za mijini haziyagusi: namna ya kujiandaa na safari ya kujifungua pale boti inaposubiri maji, chakula cha mtoto wa miezi saba katika nyumba yenye muhogo, nazi na dagaa, au nini kifanyike shule inapofungwa kwa sababu ya mafuriko. Akinyamaza, hakuna anayechukua nafasi yake.

Hamu hupanda na kushuka

Watu wa pwani wana methali: maji mafu, mvuvi kafu. Mwezi unapokuwa nusu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huwa ndogo, mkondo hulegea, na mvuvi naye hulegea. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bamvua hurudi na shughuli huchangamka. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja maji mafu huja karibu mara mbili, na hakuna mvuvi anayechoma nyavu zake kwa sababu hiyo. Siku za maji mafu hushona nyavu zilizotoboka, hukalafati chombo na hulala usingizi wake.

Hamu ya kuandika nayo iko hivyohivyo. Mwanablogu anayedhani kwamba hamu ya wiki ya kwanza itabaki palepale mwaka mzima atajiona mvivu inaposhuka, na aibu hiyo itamzuia kurudi. Anayejua kwamba itashuka hujiandaa mapema. Watu hawa wawili wanaweza kuwa na kipaji kilekile na shughuli zilezile za nyumbani. Kinachowatofautisha ni kile kila mmoja alichokitarajia.

Kinachokula hamu

Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo waliopewa fumbo la vipande vya kupanga. Kundi moja lililipwa kwa kila umbo walilolipanga sawasawa, kundi jingine halikulipwa kitu. Malipo yalipoondolewa, waliowahi kulipwa walipunguza muda wa kucheza na fumbo hilo wakati wa mapumziko yao, tofauti na wenzao ambao hawakuwahi kulipwa. Kazi iliyokuwa tamu yenyewe ilianza kuonekana haina maana bila malipo.

Kwa mzazi anayeblogu, idadi ya wasomaji ni kama malipo hayo. Alianza kuandika kwa sababu alikuwa na jambo la kusema. Siku moja bandiko lake likasambazwa sana, akaonja utamu wa kuona namba zikipanda. Tangu hapo kila andiko hupimwa kwa namba, na siku ambazo namba hazipo, hamu nayo huondoka. Hufungua simu mara 10 kwa saa kuangalia kama kuna aliyesoma, na kila akiangalia anachoka zaidi bila kuongeza hata sentensi moja.

Baadaye Deci na mwenzake Richard Ryan walieleza kwamba mtu huendelea na jambo kwa moyo wake pale mahitaji matatu yanapotimizwa: kuwa na uhuru wa kuchagua anachofanya, kujiona anaweza na anazidi kuweza, na kuhisi ameunganishwa na watu wengine. Mwanablogu anaweza kuyatumia matatu hayo kujipima kila hamu inaposhuka. Je, bado anaandika anachotaka, au anaiga kinachovuma? Je, andiko la mwezi huu ni bora kidogo kuliko la mwezi uliopita? Je, kuna mtu halisi, mwenye sura na jina, anayejua kwamba bandiko lile liliandikwa kwa ajili yake? Mara nyingi tatizo huonekana hapohapo, na mara nyingi ni lile la tatu.

Waliodumu walikuwa na siku yao

Historia ya blogu za Kiswahili si ndefu. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kublogu kwa Kiswahili, kupitia blogu yake ya Jikomboe. Septemba 2005, mjini Helsinki nchini Ufini, alimsaidia mpiga picha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi kuanzisha yake. Wakati huo simu za kisasa hazikuwa mikononi mwa watu wengi, na intaneti kwa Watanzania walio wengi ilikuwa jambo la kwenda kulipia dukani.

Blogu ya Michuzi ilikua ikawa mahali ambapo Watanzania wa ndani na nje walikutana. Iliweka picha za harusi, misiba, mikutano, mitaa ya Dar es Salaam na sura za watu waliopotezana miaka mingi. Siri yake haikuwa maandishi marefu. Msomaji aliyeifungua leo alikuta kitu cha leo, na akijua kesho atakuta kingine, hivyo akarudi.

Nchini Kenya, Jackson Biko wa blogu ya Bikozulu huandika marefu, lakini naye wasomaji wake wanajua Jumanne ni siku yake. Mmoja alitumia picha, mwingine anatumia hadithi ndefu, na wote wawili walimpa msomaji sababu ya kurudi kwa wakati anaoujua.

Mzazi wa Kibiti hana haja ya kuandika kila siku kama mpiga picha wa magazeti. Lakini anaweza kuwa na siku yake. Blogu yenye bandiko moja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ina nguvu kuliko yenye mabandiko tisa mwezi Januari na kimya hadi Septemba.

Zamu kwanza, hamu baadaye

Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya ndogo, kama kunywa maji au kula tunda kwa wakati uleule kila siku. Ilichukua takriban siku 66 kwa tabia kuanza kufanyika yenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254 kwa makadirio yao. Jambo jingine walilobaini linawahusu sana wazazi: kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Kwa lugha ya nyumbani, mtoto akiugua na bandiko la wiki likakosekana, zamu haijavunjika. Inavunjika pale mzazi anapoamua kwamba kwa kuwa wiki hii imepita, basi hata ijayo haina maana.

Zamu inayodumu ina mambo manne.

La kwanza, ni ndogo. Mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili aanze na bandiko moja kila wiki mbili, la maneno 300 hivi. Hiyo ni kama ukurasa mmoja wa daftari. Akiona inamtosha, aongeze. Akianza na kubwa, atapunguza kwa huzuni.

La pili, imefungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo. “Nitaandika nikipata muda” si zamu, kwa sababu muda haupatikani hivihivi. “Jumamosi, watoto wakishalala mchana, dakika 40” ni zamu. Anayeuza sokoni ataifunga kwenye siku baada ya gulio, na mwalimu ataifunga kwenye jioni ya siku asiyokuwa na madaftari ya kusahihisha.

La tatu, ina daftari la maswali. Mwanablogu akikaa mbele ya simu bila kujua aandike nini, dakika 40 huisha akiangalia picha za watu. Lakini maswali yapo kila mahali: kwenye foleni ya kliniki ya mama na mtoto, kwenye kikao cha wazazi shuleni, kwenye kikundi cha VICOBA, kwenye boti. Akisikia mama anauliza kwa nini mtoto wake anakataa uji, aliandike palepale, bila jina la mama huyo. Siku ya zamu ikifika, mada inamsubiri.

La nne, ina akiba. Mabandiko matatu yaliyokamilika na kuwekwa pembeni yatamvusha mzazi wiki za kuuguza, msimu wa kulima, mfungo wa Ramadhani, na siku umeme unapokatika. Akiba hiyo huandikwa wakati wa bamvua, hamu inapokuwa juu. Badala ya kurusha yote matatu kwa pupa, moja lirushwe na mawili yatunzwe.

Hesabu yenye maana

Wilaya ya Rufiji, kabla Kibiti haijawa wilaya yake, ina somo kubwa kuhusu kuhesabu. Kuanzia mwaka 1998, chini ya mradi wa afya uliojulikana kama TEHIP, ulianzishwa mfumo wa kufuatilia kaya katika Ikwiriri, Kibiti na maeneo ya jirani, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi minne, wakiuliza mambo yaleyale: nani amezaliwa, nani amefariki na kwa sababu gani, nani amehama, nani amehamia.

Ni kazi isiyo na shangwe. Hakuna anayempigia makofi mdadisi anayebisha hodi kwa mara ya tisa katika nyumba ileile. Lakini takwimu hizo ziliwaonyesha viongozi wa afya wa wilaya ni magonjwa gani yalikuwa yanaua zaidi, malaria ikiwa mbele, na fedha zikaanza kuelekezwa huko. Taarifa za mradi huo zilionyesha kwamba katika miaka mitano hivi iliyofuata, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Rufiji vilipungua kwa zaidi ya 40%.

Mwanablogu anaweza kuazima mambo mawili hapo. Kwanza, hesabu ifanyike kwa vipindi, si kila dakika. Kuangalia takwimu za blogu mara moja kila miezi minne kunatosha kuonyesha njia inakoelekea, na kunaacha wiki nyingi za kuandika kwa utulivu.

Pili, ahesabu kinachosaidia kuamua. Idadi ya waliofungua ukurasa haisemi mengi. Kinachosema mengi ni maswali mangapi yameletwa na wasomaji, ni mabandiko gani yanayosomwa hata miezi mingi baada ya kuandikwa, na ni watu wangapi wamerudi kusema walijaribu kilichoelezwa. Baba mmoja aliyempeleka mwanawe zahanati jana badala ya kesho, kwa sababu alisoma dalili za hatari, haonekani kwenye takwimu zozote. Huyo aandikwe kwenye daftari. Siku za maji mafu, kurasa hizo za daftari ndizo za kusoma.

Kuifikisha kwa watu

Wanablogu wengi huona haya kujitangaza. Wanaogopa kuonekana wanajipendekeza, au wanadhani andiko zuri litajitembeza lenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wazee walisema, lakini hata kizuri lazima kwanza kifike sokoni. Haya hupungua mtu akibadili namna ya kuomba. Badala ya kurusha linki kwenye makundi 15 na kuandika “someni, sambazeni”, ampelekee mtu yule aliyeuliza: “Shangazi, lile swali lako la mtoto kukataa uji nimelijibu hapa.” Huko si kujitangaza, ni kujibu. Naye shangazi ndiye atakayempelekea jirani yake.

Kwa mazingira ya Kibiti na delta, mambo haya yanasaidia.

Kiini cha andiko kiwekwe kwenye ujumbe wenyewe wa WhatsApp, kwa sentensi nne au tano, kisha linki ifuate. Asiye na bando la kutosha atapata la muhimu, na siku akipata bando atakumbuka nani alimjali. Picha ziwe chache na ndogo, maana ukurasa mzito haufunguki pale mtandao unaposuasua.

Kichwa cha habari kiwe maneno ambayo mzazi mwenyewe angeyaandika kwenye simu akitafuta msaada. “Mtoto wa miezi sita aanze na chakula gani” kitatafutwa na kupatikana. “Safari yangu ya malezi, sehemu ya nne” hakuna atakayekitafuta.

Watu wafuatwe pale wanaposubiri. Gati la Nyamisati, wanapopandia vyombo vya kwenda Mafia, lina abiria wenye muda na simu mkononi. Siku ya kliniki nayo ina foleni, na mganga mfawidhi akiombwa ruhusa kwa adabu, karatasi moja yenye jina la blogu inaweza kubandikwa ukutani. Kikao cha wazazi shuleni kinahitaji dakika mbili tu za mwenyekiti. Na kwa wasio na simujanja, bandiko linaweza kuchapwa kwenye karatasi na kusomwa kwa sauti kwenye kikundi.

Majira nayo yana maswali yake. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama na familia zikahama nyumba zao. Wakati kama huo hakuna mzazi mwenye nafasi ya kutafiti. Anahitaji maneno machache ya uhakika: maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote vizuri au yatibiwe kwa dawa ya maji, mtoto anayeharisha aendelee kunyonya na apewe ORS, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na akilegea, akishindwa kunywa au akiharisha damu, awahishwe kituo cha afya. Mwanablogu aliyeliandika bandiko hilo mwezi Februari, kabla ya masika, atakuwa na cha kutuma mvua itakapoanza. Anayelianza maji yakiwa mlangoni atakuwa amechelewa kama wengine wote.

Mipaka ya nyumbani

Kuna njia moja ya haraka ya kupata wasomaji ambayo mzazi anapaswa kuikataa, nayo ni kuuza siri za watoto. Picha ya mtoto akilia, habari ya binti aliyepata hedhi kwa mara ya kwanza, ugonjwa wa mwana ulioelezwa pamoja na jina na shule yake, hivyo vyote husomwa sana. Lakini mtoto huyo atakua, atakuwa na simu yake, na wenzake wataisoma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto na za afya zina uzito wa pekee katika sheria hiyo. Hata bila sheria, kanuni ya nyumbani inatosha: kisichoweza kusemwa mbele ya mtoto na marafiki zake kisiandikwe.

Kuna pia kanuni za maudhui ya mtandaoni. Zilipotoka mwaka 2018, ada na leseni ziligharimu zaidi ya shilingi milioni 2, na baadhi ya wanablogu walisimama. Juni mwaka huo hata JamiiForums ilisitisha huduma kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena baadaye, hivyo anayeanza au anayerudi aulize TCRA leo hii blogu yake iko katika kundi gani na inatakiwa nini. Swali hilo likijibiwa mapema, hofu moja inayokula hamu kimyakimya huondoka.

Kwa Kibiti, kuandika kumewahi kuwa na gharama nzito zaidi. Novemba 21, 2017, mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen kuhusu mauaji yaliyoitikisa Kibiti na Rufiji, alitoweka wilayani humo na hajaonekana tena. Aliacha mke na watoto. Blogu ya lishe na malezi ni jambo tofauti na kazi aliyokuwa akiifanya, lakini familia za huko zinalikumbuka hilo kila mmoja wao anapotaja neno kuandika. Kwa hiyo mazungumzo yaanzie nyumbani. Mume, mke au wazazi wajue kinachoandikwa, wakubaliane mada zipi zimo na zipi hazimo. Mzazi anayeandika huku nyumba nzima inamuunga mkono hudumu kuliko anayeandika kwa kujificha.

Afya ya mwandishi mwenyewe nayo ni mpaka. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na zamu ya kuandika isiyoweza kupatikana ila kwa kukesha si zamu ya kudumu. Afadhali bandiko moja kwa mwezi kutoka kwa mama aliyelala kuliko manne kutoka kwa mama anayewafokea watoto asubuhi.

Mwisho, ukweli. Anayeandika kuhusu afya bila kuwa mtaalamu aulize kabla ya kurusha: muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au daktari. Asitaje dozi wala kuelekeza dawa. Kosa likionekana, lisahihishwe juu kabisa ya bandiko, si chini kabisa. Msomaji akishajua kwamba ukurasa huo hausemi usichokijua, hatahitaji kuvutwa tena.

Kwa aliyekwisha kunyamaza

Mzazi ambaye blogu yake imelala miezi sita hahitaji kurudi na bandiko refu la kuomba radhi na ahadi kumi. Ahadi hizo ndizo zitakazomnyamazisha tena.

Achague swali moja alilolisikia wiki hii. Alijibu kwa maneno 300, kwa Kiswahili kilekile ambacho angekitumia akiwa amekaa barazani. Alisome kwa sauti, afute kisichohitajika, ampe mtaalamu mmoja alipitie. Kisha amtumie mtu aliyeuliza, huyo mmoja tu kwanza, na kumuuliza kama limemsaidia. Jibu lake ndilo bandiko linalofuata, na kwenye kalenda ya ukutani aweke alama katika Jumamosi atakayoliandika.